Baraza la Jamaa: Mashine Haijui Kiingereza



Juma hili twajibu barua ya mama mmoja wa vilima vya Tukuyu. Jina lake twaliweka kwetu, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Mama huyu analima chai, anayo migomba, na anaye ng'ombe mmoja wa maziwa pamoja na mtamba wake. Binti yake amemaliza kidato cha nne, na Kiingereza kilimshinda katika mtihani. Sasa amekuja mtu asemaye kwamba atamfundisha binti "lugha ya kompyuta" kwa miezi mitatu, na mwisho wake ni kazi ya hakika. Ada anayoitaka yalingana na bei ya yule mtamba.

Mama anauliza mambo matatu. Lugha ya kompyuta ni kitu gani? Je, mtoto aliyeshindwa na Kiingereza aweza kujifunza? Na mtamba, auzwe au asiuzwe?

Maswali haya si ya mama huyu peke yake. Tutayajibu moja moja, na la mtamba tutaliweka mwisho, kwa maana hapana mtu anunuaye kitu kwa busara kabla ya kujua ni kitu gani.

LUGHA YENYEWE

Kwanza tufahamu kwamba kompyuta haina akili kama ya mtu. Ni mashine ya umeme. Ndani yake mna swichi ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, mamilioni kwa mamilioni, na kila moja ina hali mbili tu: imewashwa au imezimwa. Hayo ndiyo "maneno" mawili ambayo mashine inayajua. Haijui Kiingereza, haijui Kijerumani, haijui Kiswahili wala Kinyakyusa.

Hapo mwanzo watu walioitumia mashine hiyo iliwapasa kuiandikia maagizo kwa tarakimu tupu, kazi ya kuchosha na ya kukosesha. Ndipo mwaka 1952 mama mmoja wa Marekani, Grace Hopper, aliyekuwa mtaalamu wa hesabu na pia ofisa wa jeshi la majini, akatengeneza programu ya kufanya kazi kama mkalimani. Mtu aliandika kwa alama zilizo nyepesi kwake, na mkalimani akazigeuza kuwa tarakimu za mashine. Baadaye akataka watu waandike kwa maneno ya Kiingereza cha kawaida, ili makarani wa ofisi nao waelewe. Akaambiwa haiwezekani, kwa kuwa kompyuta haijui Kiingereza. Ni kweli, haijui. Lakini mkalimani aweza kufundishwa. Akaendelea na kazi yake, na tangu mwaka 1959 ikawa msingi mkubwa wa lugha iitwayo COBOL, iliyotumika sana katika mabenki na maofisi ya serikali za nchi nyingi.

Basi lugha ya kompyuta ndiyo hiyo: maneno machache, kila moja lina maana moja tu, ambayo mkalimani aliye ndani ya mashine amefundishwa. Na programu ni barua ya maagizo iliyoandikwa kwa maneno hayo, mstari baada ya mstari.

MTOTO ALIYESHINDWA NA KIINGEREZA

Ukielewa hayo, jibu la swali la pili limekwisha kuanza. Maneno ya Kiingereza yamo katika lugha hizi kwa sababu walioziunda walisema Kiingereza, si kwa sababu mashine iliyapenda.

Chukua lugha iitwayo Python, ambayo wanagenzi wengi duniani huanzia hapo. Ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi mmoja, Guido van Rossum. Maneno yake ya lazima hayazidi 35 hivi, na juu yake huongezwa mengine machache ya kazi za kila siku. Maneno 35! Mama wa Rungwe akianza kutaja aina za ndizi, na ya kupika na ya kuiva na ya kuchoma, na kila moja yafaa wapi, amekwisha kushika elimu kubwa kuliko hiyo.

Tena siku hizi yuko mkalimani ajuaye Kiswahili. Katika miaka hii ya 2020 imetokea lugha ya programu iitwayo Nuru, ambayo maneno yake ni ya Kiswahili: fanya, andika, kama, sivyo, wakati, rudisha. Si ajabu hata kidogo. Tangu mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kutoa programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili, wakaonyesha kwamba lugha yetu yatosha kwa kazi hiyo.

Hatutaki kumdanganya binti. Vitabu vingi vya elimu hii vimeandikwa kwa Kiingereza, na atakayekwenda mbali hana budi kukirudia Kiingereza polepole. Lakini mlango wa kuingilia haukufungwa kwa kufuli la Kiingereza.

MASOMO MANNE YA MWANZO

Sasa tuionje lugha yenyewe. Tuseme mama amepeleka kituoni kilo 18 za majani mabichi ya chai, na tuseme, kwa mfano tu, kilo moja ni shilingi 300. Katika Nuru ataandika hivi:

fanya kilo = 18
fanya bei = 300
andika(kilo * bei)

Neno fanya lamwambia mkalimani: tengeneza kikapu, ukipe jina "kilo", utie ndani yake 18. Ile nyota ni alama ya kuzidisha. Neno andika lamwambia aonyeshe jibu katika kioo, nalo ni 5400. Hilo ndilo somo la kwanza: kukipa kitu jina, kisha kukitumia kwa jina lake.

Somo la pili ni kuamua. Twasema kila siku nyumbani, "Kama mvua yaja, anua nguo, sivyo, ziache." Watu wa Tukuyu, ambao mvua hatuiagizi, twalijua agizo hilo tangu utoto. Mashine nayo huambiwa vivyo hivyo:

kama (kilo > 20) {
    andika("Chukua kikapu cha pili")
} sivyo {
    andika("Kikapu kimoja chatosha")
}

Ile alama ya mshale ina maana ya "yazidi". Na yale mabano yaliyopindwa ni kama ua wa nyumba: kilichomo ndani ya ua hufuata sharti lililo mlangoni.

Somo la tatu ni kurudia. Umemwagiza mtoto ajaze pipa la lita 200 kwa ndoo ya lita 20:

fanya pipa = 0
wakati (pipa < 200) {
    pipa = pipa + 20
}

Maana yake: maadamu pipa halijafika lita 200, ongeza ndoo moja. Mashine itakwenda mara kumi, kisha itasimama. Lakini mwanafunzi akisahau ule mstari wa kuongeza ndoo, mashine itauliza, "Limejaa? Halijajaa. Limejaa? Halijajaa," hata umeme ukatike. Mtoto angerudi nyumbani aseme, "Mama, pipa limetoboka." Mashine haitasema. Yatii agizo kama lilivyoandikwa, si kama ulivyokusudia.

Somo la nne ni kuipa kazi nzima jina lake. Nyumbani husemi kila siku, "Washa moto, teka maji, yatie katika sufuria, ngoja yachemke." Wasema, "Pika chai," na mtoto ajua yaliyomo. Hali kadhalika katika programu: waeleza kazi mara moja, waipa jina, na tangu hapo waiita kwa jina.

Hayo manne, kutaja, kuamua, kurudia na kuipa kazi jina, ndiyo misingi. Lugha nyingi zitumikazo leo zinayo. Katika Python, andika ni print, kama ni if, sivyo ni else, na wakati ni while. Aliyeyaelewa kwa Kiswahili atabadilisha maneno tu; maarifa ni yale yale.

HABARI ZA MIZANI

Hapa msomaji aweza kusema, "Vema, lakini mimi mkulima yanihusu nini? Na siku hizi, tangu mwaka 2022, zimeenea mashine ziwezazo kuandika programu zenyewe ukiziomba. Kwa nini mtoto wangu ajisumbue?"

Tujibu kwa habari ya mizani. Wazee wanaolima chai au kahawa wajua ya kuwa mkulima asiyejua kusoma mizani huuza kwa imani. Akipata karani mwaminifu, heri yake. Akipata mwingine, atarudi nyumbani na fedha pungufu naye hana neno la kusema, kwa sababu hakuona kosa lilipoingia. Ndiyo maana kisomo cha watu wazima kilipoenea, wapo waliotaka kujua hesabu: walitaka kuona kwa macho yao mshale umesimama wapi.

Siku hizi mizani nyingi zimeingia ndani ya programu. Fedha zitumwazo kwa simu, hesabu ya deni, malipo ya umeme, matokeo ya mitihani: yote hupitia maagizo ambayo mtu fulani aliyaandika. Sasa fikiri. Mama amepeleka majani mara tatu: kilo 18.7, kisha 24.4, kisha 11.9. Jumla ni kilo 55 kamili. Lakini tuseme mwandishi wa programu, labda kwa haraka tu, aliandika sharti kwamba kila mara yahesabiwe makilo mazima, na vipande viachwe. Mashine itaandika 18, na 24, na 11. Jumla 53. Kilo mbili zimepotea, na kwa ile bei yetu ya mfano ni shilingi 600. Hakuna mtu aliyeiba. Hakuna karani wa kulaumiwa. Ni mstari mmoja tu katika programu. Na kama kituo kina wakulima 500, na kila mmoja amepoteza kilo mbili, basi tani nzima ya majani imetoweka, na kila risiti imechapwa vizuri kwa wino.

Mashine haikujua kwamba hiyo si haki, kwa maana haijui haki kama isivyojua Kiingereza. Ilitii. Wa kuliona kosa ni mtu tu, tena mtu ajuaye kuuliza, "Vile vipande vimekwenda wapi?" Na hiyo mashine iandikayo programu yenyewe yaweza kuandika mstari kama huo huo, kwa maneno mazuri na kwa upesi mkubwa. Ndipo atakapohitajiwa mtu wa kuusoma.

Maandiko yamekaza sana habari za mizani ya haki, nasi tumezoea kufikiri kwamba maneno hayo yamhusu mwenye duka. Yamhusu pia aandikaye programu. Na ni afadhali wawepo miongoni mwa waandishi hao watoto wa wakulima, waliobeba kikapu mgongoni na kujua uzito wa vile vipande.

KUKOSEA BILA AIBU

Liko jambo moja ambalo huwashinda wanagenzi wengi kuliko maneno yenyewe, nalo ni aibu. Mwanafunzi ameandika mistari mitano, mashine imemrudishia neno "kosa", naye afunga kila kitu na kusema, "Mimi sina kichwa cha mambo haya." Hasa mtoto aliyekwisha kuambiwa na mtihani kwamba ameanguka, neno hilo humchoma.

Na ajue kwamba hata waliofanya kazi hii miaka 20 hukutana na kosa kila siku. Pengine wamesahau alama moja ya kufungia mabano. Mashine haikasiriki, haicheki, wala haiwaambii majirani. Yasema tu, mstari fulani sikuuelewa. Kazi ya mwanafunzi ni kurudi katika mstari ule, kuusoma polepole, kurekebisha na kujaribu tena. Waliofundishwa shuleni kwamba kosa ni fimbo, hapa wajifunze kwamba kosa ni kibao cha njia.

Tukumbuke pia mambo ya hapa hapa kwetu. Wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891, Theodor Meyer na wenzake, walikuwa wamesoma kwao. Lakini mbele ya Kinyakyusa walikuwa wanagenzi, na iliwapasa kuanza na neno moja moja. Kuwa mwanagenzi si unyonge. Ni mahali ambapo kila mjuzi alipita.

Wala wazazi wasione haya kwamba watoto wawatangulia katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, marufuku ambayo baadaye ililegezwa. Wengi wa wazazi wa leo walimaliza shule hawajaigusa hata moja. Basi mzazi aweza kumwambia mtoto, "Nieleze," naye mtoto akieleza ndipo ataelewa zaidi.

SASA, MTAMBA

Mama mpendwa, kwa maoni yetu mtamba asiuzwe. Asiuzwe sasa.

Sababu ya kwanza: lugha zote mbili tulizozitaja, Python na Nuru, hutolewa bure. Wasilipe fedha nyingi kwa kununua kisichouzwa. Mwalimu mwema astahili ujira wake, lakini ujira wa kufundisha, si wa kufungua lango ambalo li wazi.

Sababu ya pili: hapana mtu awezaye kuahidi kazi ya hakika baada ya miezi mitatu. Katika miezi mitatu mwanafunzi mwenye bidii ataijua misingi, ataandika programu ndogo ndogo, na atajua kama jambo hili lampendeza. Kuwa fundi ni safari ya miaka. Asemaye vinginevyo, mwombe akuonyeshe wanafunzi wake wa zamani, uzungumze nao wewe mwenyewe bila yeye kuwapo. Tena umwombe ada kwa mwezi mmoja mmoja. Akikataa yote mawili, umpe chai anywe, umsindikize.

Sababu ya tatu: jaribio la kweli halihitaji fedha. Kwa mwezi mmoja, binti na aanze kwa daftari na kalamu. Jioni mkae jikoni, wewe uwe mashine naye awe mwandishi. Akuandikie maagizo ya kupika chai, nawe utii neno kwa neno bila kumsaidia. Akiandika, "Tia majani ya chai," utie pakiti nzima, au walau ujifanye kuitia! Atacheka, kisha ataandika upya: "Tia kijiko kimoja." Atagundua kwamba hakutaja maji. Atagundua kwamba hakusema moto uzimwe lini. Huo mchezo ndio kazi yenyewe.

Baada ya hapo, na atafute mahali penye kompyuta ambapo aweza kukaa saa mbili kwa juma: shuleni alikosoma, kwa kibali cha mwalimu mkuu, au katika ofisi ya usharika. Pia simu janja ya mjomba yafaa kwa mazoezi ya kwanza. Ajiunge na wenzake wawili watatu, kwa maana anayejifunza peke yake huchoka upesi. Kila juma aandike programu moja inayohusu nyumba yenu: hesabu ya majani ya chai, ya maziwa, ya michango ya kwaya.

Miezi sita ikipita naye bado aamka na hamu, hapo ndipo mfikirie chuo. Mbeya si mbali, kilomita 70 hivi, na kiko huko Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pamoja na vyuo vingine. Ulizeni sifa za kuingia na ada ofisini mwao wenyewe, si kwa watu wa njiani. Na wakati huo mtamba naye atakuwa amekua, na bei yake itakuwa nyingine.

ZOEZI LA JUMA HILI

Kwa wasomaji wote, wakubwa kwa wadogo. Ng'ombe ametoa maziwa asubuhi. Ndama apewe lita 2. Yanayobaki yakizidi lita 1, yapelekwe kuuzwa. Yasipozidi, yanywewe nyumbani. Andika maagizo haya kwa maneno fanya, kama, sivyo na andika. Kisha ujiulize: je, siku ng'ombe atoapo lita moja tu, agizo lako lamfanyia nini ndama?

Jibu litatoka juma lijalo. Atakayeliona swali hilo la mwisho kabla ya kuambiwa amekwisha kuanza kuwa mwandishi wa programu.